Kupanga ukarabati wa nyumba ya vyumba sita: mwongozo kwa mwenye nyumba wa Dar es Salaam

Nyumba yenye baraza mbele, korido inayopita katikati kutoka mlango mkubwa hadi uani, vyumba vitatu kila upande, na uani kukiwa na jiko, bafu na choo, ndiyo iliyojaza mitaa ya Magomeni, Ilala, Temeke, Mwananyamala na Buguruni. Nyingi zilijengwa ili mwenye nyumba aishi katika chumba kimoja au viwili na kupangisha vilivyobaki. Leo wenye nyumba wengi, au watoto waliozirithi, wanataka kuzigeuza ziwe makazi ya familia moja: sebule pana mahali pa vyumba viwili, chumba cha kulala chenye choo chake, jiko la ndani na sakafu ya marumaru. Mabadiliko hayo huonekana madogo yanapozungumzwa barazani, lakini yanagusa mambo mawili ambayo nyumba ya aina hii haikuandaliwa kwayo, yaani kuta zinazobeba paa na njia ya maji machafu. Mwongozo huu unaeleza namna ya kupanga kazi hiyo kabla fundi hajaletwa, na hatua zake zimefuatana kwa namna ambayo kila uamuzi unatangulia ule unaoutegemea. Msimamo wangu ni kwamba maji na uzito vishughulikiwe kwanza na mapambo yaje mwisho, hata kama fedha zitakwisha kabla ya mapambo kufikiwa.

Hatua ya kwanza: thibitisha nyumba ni ya nani

Nyumba nyingi za mitaa hii ni za urithi, na si nadra kukuta hati bado ina jina la babu aliyefariki miaka mingi iliyopita huku wajukuu wakiishi ndani kwa mazoea. Mtu akitumia akiba yake kuijenga upya nyumba ya namna hiyo bila maandishi, fedha zake huwa zimeingia katika mali ya pamoja, na siku warithi wengine watakapotaka iuzwe atapata shida kubwa kuthibitisha alichochangia. Ikiwa mirathi haijafunguliwa, ifunguliwe mahakamani na msimamizi ateuliwe. Ikiwa imeshafunguliwa, msimamizi na warithi wote wakae kikao kimoja, na muhtasari wake ueleze nani anatoa fedha, kwa kiasi gani, na kama fedha hizo ni zawadi kwa familia au zitarudishwa kwake nyumba ikiuzwa. Kila mmoja atie sahihi na kubaki na nakala.

Kusanya pia karatasi zenyewe: hati miliki, barua ya toleo au leseni ya makazi, pamoja na stakabadhi za kodi ya pango la ardhi. Tafuta mawe ya mipaka ya kiwanja, kwa sababu ua wa nyuma katika nyumba hizi umeongezwa mara nyingi kidogo kidogo hadi ukaingia katika njia ya jirani, na ukuta uliojengwa kimakosa mwaka 1985 haugeuki kuwa halali kwa kupakwa rangi. Kama kuna wapangaji, wape taarifa ya maandishi mapema kwa mujibu wa makubaliano mliyoandikiana, kwa kuwa hawawezi kuishi katika chumba ambacho ukuta wake unabomolewa.

Hatua ya pili: ikague nyumba wakati wa masika

Ukaguzi unaofaa zaidi kwa nyumba ya pwani ni ule unaofanywa kati ya Machi na Mei, mvua zikiwa zinanyesha kweli. Chukua daftari, vipe vyumba namba, na uingie katika kila chumba wakati wa mvua kubwa uone maji yanapitia wapi. Piga picha kila sehemu yenye alama na uandike tarehe. Mvua ikikatika, toka nje uangalie maji ya paa yanaangukia wapi na yanaelekea wapi. Katika nyumba nyingi yanaanguka chini ya ukuta wenyewe, yanatuama hapo, na kuta hunyonya unyevu huo mwaka mzima.

Unyevu wa chini ya ukuta ndio ugonjwa mkubwa wa nyumba hizi na ndio unaopotezea watu fedha nyingi. Utauona kwa rangi inayobanduka kuanzia sakafuni hadi usawa wa goti au kiuno, lipu inayomomonyoka ukiigusa, na unga mweupe wa chumvi unaojitokeza juu ya ukuta. Chanzo chake ni kwamba ukuta ulijengwa bila karatasi ya kuzuia unyevu juu ya msingi, au usawa wa ardhi ya nje umepanda kwa kifusi na barabara hadi ukazidi usawa wa sakafu ya ndani. Kuupaka rangi mpya ukuta huo, au kuufunika kwa marumaru, hakuondoi kitu: unyevu utapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea. Kinachosaidia ni kushusha udongo wa nje, kujenga mfereji wa kuondoa maji, kuweka gata, kubandua lipu iliyooza na kuacha ukuta ukauke kwa muda mrefu kabla ya kupigwa lipu nyingine. Kazi hiyo ichukue nafasi ya kwanza katika bajeti yako.

Nyufa zinahitaji subira. Ufa mwembamba kama unywele katika lipu mara nyingi ni wa lipu yenyewe na hauna madhara. Ufa unaopanda kwa mshazari kutoka pembe ya dirisha au mlango, unaofuata ngazi za matofali, au unaopitisha ncha ya kidole, unaeleza kwamba msingi umetitia au ukuta umesogea. Weka alama ya penseli kwenye ncha zote mbili za ufa, andika tarehe pembeni, na urudi kuuangalia baada ya miezi mitatu au minne ambayo ndani yake mvua imenyesha. Ufa uliovuka alama bado unatembea, na hakuna fundi wa kuuziba hadi mhandisi aseme unatembea kwa sababu gani.

Panda juu ya dari na tochi. Chomeka bisibisi kwenye mbao za kenchi, yaani fremu inayoshika paa, hasa mahali zinapokalia ukuta. Mbao nzima huizuia, mbao iliyoliwa na mchwa huipokea hadi ndani. Kama paa ni la vigae vikubwa vya kijivu vyenye mawimbi, vya zamani, huenda ni asbesto. Vigae hivyo visikatwe, visivunjwe na visiburutwe kavu, kwa kuwa vumbi lake huingia mapafuni na kusababisha saratani miaka mingi baadaye. Kuviondoa ni kazi ya watu wenye vifaa vya kujikinga, na mahali pa kuvitupa paelekezwe na mamlaka ya mazingira, hivyo gharama yake iingizwe tangu mwanzo.

Mwisho, pima kama mabomba yanavuja chini ya sakafu. Usiku funga bomba zote na koki ya tangi, soma mita ya maji, na asubuhi kabla ya mtu yeyote kutumia maji uisome tena. Namba zikiwa zimesogea, maji yanapotea mahali, na mahali hapo patafutwe kabla ya kuweka marumaru juu yake.

Hatua ya tatu: tambua kuta zinazobeba paa

Wazo la kwanza la karibu kila familia ni kuondoa ukuta kati ya vyumba viwili vya mbele, au ukuta wa korido, ili kupata sebule. Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko zote. Katika nyumba ya vyumba sita, kuta mbili za korido kwa kawaida hufanya kazi ya kushika katikati ya paa: mbao ndefu za kenchi zinapita kutoka ukuta wa nje hadi ukuta wa korido, zinapumzika hapo, kisha zinaendelea. Katika nyumba nyingine hakuna kenchi kamili kabisa. Kuta za kugawa vyumba zimepandishwa hadi juu, na mbao zinazoshika mabati zimelala moja kwa moja juu ya matofali. Ukiondoa ukuta huo umeondoa tegemeo la paa.

Kutambua si vigumu kwa mtu aliyepanda darini. Angalia kila ukuta unaokusudia kuuvunja, uone kama kuna mbao iliyokalia juu yake, kama kuna kiungio cha mbao mbili hapo juu, na kama ukuta umepita usawa wa dari kwenda kwenye paa. Jibu likiwa ndiyo kwa lolote kati ya hayo, huo ni ukuta wa kubeba hadi mhandisi athibitishe vinginevyo. Ukuta wa namna hiyo huweza kufunguliwa, lakini kwa kuweka bimu ya zege yenye nondo inayokalia nguzo mbili, na kila nguzo iwe na msingi wake, kwa sababu msingi uliopo ulipangiwa uzito uliotandazwa na si uzito uliokusanywa sehemu mbili. Wakati wa kazi paa hushikiliwa kwa mirunda, na mirunda hiyo haiondolewi mara tu zege linapoonekana gumu; hukaa wiki zisizopungua mbili, na mara nyingi tatu hadi nne, kama mhandisi atakavyoelekeza.

Kwa familia yenye fedha kidogo, napendekeza kufungua uwazi wa mita moja na nusu hadi mbili kati ya vyumba na kuacha vipande vya ukuta pande zote mbili. Bimu inakuwa fupi, na sebule inapata hewa na mwanga karibu sawa na ile ya kubomoa ukuta mzima.

Jambo jingine linaloulizwa sana ni kuongeza ghorofa juu ya nyumba hiyo hiyo. Misingi mingi ya nyumba hizi ni mifupi, matofali yake ya inchi 5 au 6 yalifyatuliwa kwa saruji kidogo, na hakuna nguzo wala mkanda wa zege unaozunguka. Nyumba hizo haziwezi kubeba ghorofa, na fundi anayekubali kazi hiyo bila kuchimba kuangalia msingi anahatarisha maisha ya watu. Jengo la ghorofa lililoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024 na kuua watu wengi liliripotiwa kuwa katika kazi ya kupanua sehemu ya chini huku biashara zikiendelea ndani yake. Si lazima jengo liwe kubwa ili funzo hilo lihusike. Ukuta wa chumba kimoja unatosha kumuua mtoto aliyelala upande wa pili.

Hatua ya nne: panga choo kabla ya kupanga vyumba

Watu huchora vyumba kwanza kisha wakatafuta pa kupenyeza choo. Katika nyumba hizi fanya kinyume chake, kwa sababu maji machafu hayapandi mlima. Bomba la inchi 4 linahitaji mteremko wa takriban sentimita 2.5 kwa kila mita. Choo kikiwekwa katika chumba cha mbele, na shimo likiwa uani umbali wa mita 12, bomba litakuwa limeshuka sentimita 30 kufikia huko, chini ya sakafu za vyumba vingine na pengine chini ya msingi wa ukuta wa nyuma. Choo kikiwa katika chumba cha nyuma, mita 3 kutoka kwenye chemba (kisima kidogo chenye mfuniko cha kukagua na kuzibua bomba), mteremko ni sentimita 7 au 8 tu na hakuna chumba kinachofukuliwa. Hivyo chumba cha kulala chenye choo chake na jiko la ndani viwe upande wa uani, na sebule ibaki mbele. Weka chemba kila bomba linapogeuka, ili siku likiziba lisifunguliwe kwa kuvunja marumaru.

Kisha uliza kuhusu mashimo ya zamani. Zamani choo cha shimo kilipojaa kilifunikwa na kingine kikachimbwa pembeni, na baada ya miaka arobaini uani huweza kuwa na mashimo mawili au matatu ambayo hakuna kijana anayeyajua. Ukijenga jiko au ukuta mpya juu ya shimo hilo, udongo utatitia na ukuta utapasuka. Mwulize mama au baba mzee wa nyumba, majirani waliozaliwa mtaani hapo, na aliyewahi kuchimba. Chora kila shimo kwenye ramani yako hata kama mtu anakumbuka kwa kukisia, na fundi apachimbe kuhakiki.

Mtandao wa majitaka wa DAWASA unafikia sehemu tu ya jiji, kwa hiyo uliza ofisi yao ya eneo kama bomba linapita mtaani kwako. Kama halipiti, shimo lako liwe mahali ambapo mpira wa gari la kunyonya utafika bila kupita sebuleni. Katika maeneo ya bondeni ambako maji ya ardhini yako juu, shimo hujaa lenyewe wakati wa masika, na hapo ni bora tangi lililojengwa na kupigwa lipu ya kuzuia maji kuliko shimo lenye kuta za kupitisha maji.

Tangi la maji safi nalo liingie katika mpango huu. Lita 1,000 za maji zina uzito wa tani moja, na tani hiyo isiwekwe juu ya ukuta wa choo wa zamani wala juu ya kenchi. Ijengewe mnara wake wenye nguzo na msingi.

Hatua ya tano: umeme

Nyumba iliyopangishwa chumba kwa chumba kwa kawaida ina waya zilizoungwa na watu tofauti, bila waya wa ardhi wa kuaminika, na soketi moja inayohudumia friji, pasi na televisheni. Ni salama zaidi kuzivua zote na kuanza upya kuliko kuongezea. Amua sasa kila soketi, taa, feni, jiko la umeme na kiyoyozi vitakaa wapi, kwa sababu mabomba ya waya hupita ndani ya ukuta kabla ya lipu. Waya wa milimita za mraba 1.5 hutumika kwa taa na wa 2.5 kwa soketi. Jiko, hita ya maji na kiyoyozi kila kimoja kiwe na njia yake na waya mnene zaidi kulingana na mzigo. Fundi awe na leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, na mita ya LUKU isihamishwe na mtu yeyote isipokuwa TANESCO.

Hatua ya sita: mchoro na kibali

Chora kwanza nyumba ilivyo, kisha itakavyokuwa. Pima kila chumba pande zote nne na mshazari wake, unene wa kila ukuta, na usawa wa sakafu kutoka mlango wa mbele hadi uani kwa mpira mwembamba angavu uliojazwa maji, ambayo hukaa usawa mmoja kwenye ncha zote mbili. Utashangaa mara ngapi chumba kinachodhaniwa kuwa cha mraba kimepinda sentimita kumi, jambo linaloamua namna marumaru zitakavyolala.

Kubadilisha kuta, kuongeza chumba au kugeuza matumizi kunahitaji kibali cha ujenzi kutoka halmashauri yako. Kwa Dar es Salaam hiyo ni Halmashauri ya Jiji kwa upande wa Ilala, au manispaa za Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Kupaka rangi au kubadilisha kitasa ni matunzo ya kawaida, lakini kwa kilicho katikati mwulize afisa ujenzi kabla ya kuanza, kwa sababu kazi iliyosimamishwa ikiwa paa limeezuliwa ni hasara ya pande zote. Uliza pia kama mtaa wako umo katika mpango wa uendelezaji upya. Hakuna haja ya kuweka marumaru za gharama katika nyumba ambayo mpango wa mji unaielekeza kuwa ghorofa au barabara. Mchoro uandaliwe na mbunifu aliyesajiliwa, na bimu na nguzo zipigiwe hesabu na mhandisi aliyesajiliwa na bodi yake; unaweza kuuliza bodi hizo kama jina ulilopewa limo katika orodha zao. Ijulishe na ofisi ya serikali ya mtaa, na mweleze jirani mapema, hasa kama mnashirikiana ukuta.

Hatua ya saba: hesabu za vifaa na fedha

Gawa kazi katika mafungu matatu. La kwanza ni lile ambalo nyumba haiwezi kukaa bila: paa, mifereji, unyevu, nyufa, umeme na choo. La pili ni mabadiliko ya vyumba. La tatu ni dari ya jipsamu, marumaru, makabati na rangi. Pigia bei kila fungu peke yake, na ukiona jumla inazidi uwezo, punguza kuanzia la tatu. Nimeona watu wengi wakifanya kinyume kwa sababu wageni huona sebule na hawaoni chemba, na uchungu wake huja katika masika ya kwanza.

Hesabu zenyewe ni rahisi. Tofali la urefu wa inchi 18 na kimo cha inchi 9 huhitajika takriban 10 kwa mita ya mraba ya ukuta. Ukuta wa mita 3.6 kwa 2.7 wenye mlango wa mita 0.9 kwa 2.1 unabaki na mita za mraba 7.83, yaani matofali 79, na ukihesabu yatakayovunjika nunua 85. Chumba cha mita 4 kwa 3.5 kina mita za mraba 14 za sakafu. Ongeza asilimia 10 ya kukata na kuvunjika upate 15.4. Katoni yenye marumaru nne za sentimita 60 kwa 60 hufunika mita za mraba 1.44, hivyo unahitaji katoni 11. Nunua zote siku moja na uhakikishe namba ya toleo kwenye katoni inafanana, kwa kuwa rangi ya toleo jingine hutofautiana kidogo na tofauti hiyo huonekana sakafuni.

Saruji ni kinyume chake: isinunuliwe mapema. Hupoteza nguvu ikikaa, hasa katika hewa yenye unyevu ya pwani, kwa hiyo nunua ya wiki mbili au tatu, ipange juu ya mbao na mbali na ukuta. Mifuko iliyoandikwa 42.5, namba inayoonyesha nguvu ya saruji, itumike kwa bimu, nguzo na zege lolote la kubeba; 32.5 inatosha kwa lipu na kujengea. Mchanga uwe wa mto au wa shimo, na usiwe wa ufukweni, kwa sababu chumvi yake hula nondo ndani ya zege na kurudisha unyevu ukutani. Kwa mabati, kumbuka kwamba geji 28 ni nene kuliko geji 30 ingawa namba yake ni ndogo, na kwa nyumba iliyo karibu na bahari tofauti hiyo ni ya miaka.

Chukua bei za maduka matatu kwa orodha ile ile. Juu ya jumla weka akiba ya asilimia 15 hadi 20 kwa yale yatakayogunduliwa lipu ikibanduliwa. Nyumba ya zamani haikosi kuwa nayo.

Hatua ya nane: fundi na mkataba

Fundi mzuri anajulikana kwa nyumba alizokwisha kukarabati, si kwa anayoijenga sasa. Omba kuona moja aliyoimaliza miaka miwili au zaidi iliyopita, uzungumze na mwenye nyumba bila fundi kuwapo, na uulize maswali mawili: je, ilivuja, na je, fundi alirudi alipoitwa? Sheria ya Mikataba inatambua hata makubaliano ya mdomo, lakini ya mdomo ni magumu kuthibitisha. Andikeni kazi zitakazofanywa chumba kwa chumba, nani ananunua vifaa, muda, bei ya ufundi, na kwamba kazi yoyote ya nyongeza haianzi kabla bei yake haijaandikwa na kutiwa sahihi. Mashahidi wawe wawili, mmoja wa kila upande.

Malipo yafuate kazi iliyokamilika. Mgawanyo unaofaa ni asilimia 20 kazi inapoanza, 30 paa na mabomba ya majitaka yakikamilika, 30 lipu na mabomba ya waya yakikamilika, 10 wakati wa kukabidhiana, na 10 za mwisho zibaki kwako hadi mvua za kwanza. Fundi akikataa asilimia hizo za mwisho, mweleze kwa heshima kwamba ni za paa na si za kumdhulumu, na uziandike katika mkataba kwa tarehe.

Hatua ya tisa: ratiba, na mahali pa kulala

Kibali na fedha vikiwa tayari, paa liezuliwe Juni au Julai, ili kazi za nje ziishe kabla ya vuli kuanza Oktoba. Januari na Februari pia ni kavu, lakini ni miezi miwili tu na masika huwa mlangoni. Utaratibu wa kazi ni paa na mifereji, kisha mabomba ya majitaka chini ya sakafu, kisha bimu na uvunjaji wa kuta, kisha mabomba ya maji na ya waya ndani ya kuta, lipu, dari, marumaru, milango, na rangi. Kabla ya lipu kupigwa, piga picha kila ukuta ukiwa na mabomba na waya zikionekana, huku futi kamba ikiwa imeshikiliwa kwenye picha. Picha hizo zihifadhiwe pamoja na hati ya nyumba, maana atakayekuja kutoboa ukuta miaka kumi baadaye atazihitaji. Lipu mpya iachwe takriban wiki nne ikauke kabla ya rangi ya mwisho.

Kama familia itaendelea kuishi ndani, fanya upande mmoja wa korido kwanza na mwingine baadaye, na choo kipya kianze kutumika kabla cha zamani hakijavunjwa. Wazee wenye pumu, wajawazito na watoto wadogo wahamie kwa ndugu wakati wa kubomoa na kukwangua rangi, kwa kuwa rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi na vumbi lake ni sumu. Panga pia kifusi kitaenda wapi na kwa gari la nani. Kisimwagwe kwenye mfereji wa mtaa, kwani maji utakayoyazuia yatarudi kwanza nyumbani kwa jirani.

Siku ya kukabidhiwa, ziba tundu la sakafu ya bafu, jaza maji ya kimo cha sentimita mbili au tatu na uyaache saa 24, kisha uangalie ukuta wa upande wa pili. Mwaga ndoo ya maji katika kila choo huku mtu amesimama kwenye chemba akihesabu sekunde hadi yafike. Washa jiko, pasi na hita kwa pamoja. Vuli ikianza, rudi na daftari lile la masika, pita chumba kwa chumba katika mvua kubwa ukilinganisha na picha za zamani, na ikiwa kila mahali pamekauka, mpigie fundi simu aje achukue asilimia 10 zake siku hiyo hiyo.